Wa Nyuma Asiamke

Mimi sipigi honi. Tangu nianze kuendesha gari la maiti hapa Johannesburg, honi yangu imekaa pale kwenye usukani kama pambo tu. Wenye haraka zao wapite, wakafie mbele. Samahani, hilo si neno zuri kwa mtu wa kazi yangu. Lakini wapiga honi wananiudhi, na hasira nimezaliwa nayo. Mke wangu aliyeko Tukuyu atakuthibitishia.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Unatoka mochwari asubuhi, jua lenyewe bado lina usingizi, na nyuma yako kuna mtu amelala asiyemdai yeyote haraka. Ukishaizoea, mji mzima unalainika. Robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, zinageuka kijani kwa taratibu, wanaume wanavua kofia kandoni mwa barabara, mijakaranda ya Kensington inamwaga maua ya zambarau juu ya kioo changu, nami siwashi waipa, nayaacha yakae. Kuna siku nafika makaburini nakuta sijui niliwaza nini njia nzima. Najua tu kwamba nyuma hakikugonga kitu. Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine: wa nyuma asiamke.

Naitwa Ulimboka. Napanga chumba cha uani kwa dada Melania, Malvern, karibu kabisa na Jules Street. Melania ni mtu wa Morogoro, fundi cherehani. Mumewe, Mzwandile, alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini walioishi uhamishoni kwetu enzi za mapambano, na aliporudi kwao alirudi na mke, na Kiswahili, na ugonjwa wa kupenda chai ya tangawizi. Mtoto walimpata baadaye sana, watu wakiwa wameshakata tamaa. Wakamwita Eva.

Mwaka jana mapafu ya Mzwandile yakagoma. Miezi ile ya kliniki mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha kwa Corolla yake, ile ya rangi ya maziwa, yeye kajilaza kiti cha nyuma kofia usoni. Alikuwa akiniambia, "Ulimboka, wewe unaniendesha kama nimeshakufa." Tulikuwa tunacheka sana. Halafu akafa kweli, na safari yake ya mwisho niliiendesha mimi, polepole kuliko zote nilizowahi kuendesha, mpaka bosi akanipigia simu kuuliza kama nimepotea.

Tangu siku ile Melania hajui usingizi. Usiku unasikia cherehani, alfajiri cherehani, na mchana ukimtazama, macho yake yako wazi lakini mwenyewe hayupo. Eva naye alihamia ndani ya Corolla. Si kuendesha, hapana. Gari limefungiwa uani, naye anaingia, anafunga mlango, anasomea mle masomo yake ya chuo, mle mle anakula. Siku moja nilimgongea kioo nikamwambia atoke apate hewa.

"Malume," akaniambia, maana yeye huniita mjomba kwa Kizulu, na Kiswahili chake ni cha kuchechemea, "hewa ya huku ni ya baba. Gari likienda, na baba ameenda. Eish, niache kidogo."

Nikamwacha.

Basi alipotimiza miaka kumi na minane akapata leseni, akataka kuliendesha. Melania akasema gari halitoki langoni bila bima. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu. Alizoea kusema kwamba katika mji huu, usipokuwa na bima, siku moja utamgonga mwenye gari la maana, uuze nyumba na cherehani na bado akudai. Nani atavunja sheria ya marehemu? Melania akapiga simu kwenye kampuni ya bima, akaweka sauti nje ili wote tusikie.

Dada wa kampuni alikuwa na adabu. Akauliza nani ataendesha, ana umri gani, leseni ina muda gani. Kisha akataja malipo ya mwezi. Melania aliitazama ile simu kana kwamba imemtukana mama yake.

"Mama, ni umri," yule dada akasema. "Vijana wanagonga sana."

"Huyu bado hajagonga hata kuku!"

Nikamwambia Melania aulize njia za kupunguza, maana kila bei ina mlango wa uani. Njia zilikuwepo. Gari lilale ndani ya lango, sawa, linalala. Lifungwe kile kidude cha kulifuatilia likiibiwa, sawa. Mkubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama wenyewe likitokea la kutokea, Melania akameza mate, akakubali. Léocadie, msusi wa jirani, alikuwa pale anashona nywele za mteja, akanong'ona kwamba tumwandike mume wake yeye msusi ndiye dereva, mtu mzima, bei itaanguka. Dada wa kampuni akamsikia. Akasema kwa upole uleule kwamba siku ya ajali watauliza nani alishika usukani, na jibu likiwa si yule aliyeandikwa, hamlipwi kitu. Léocadie akarudi kwenye nywele.

Hata baada ya mapunguzo yote, bei ilikuwa bado inauma. Ikabaki njia moja. Kuna app inawekwa kwenye simu, simu inakaa ndani ya gari, nayo inatazama: unakanyaga breki vipi, unakata kona vipi, mwendo gani. Miezi mitatu. Alama zikiwa za juu, bei inashuka karibu nusu. Zikiwa za chini, bei inabaki palepale.

Sasa shemeji yake Melania, Bheki, mdogo wa marehemu, alikuwa na mteja tayari wa lile gari. Si mtu mbaya Bheki, ila ana haraka, na unajua ninavyowaona wenye haraka. Alisema msichana na mama yake hawawezi kulilisha gari. Wakakubaliana hivi: Melania atajikamua alipe miezi mitatu; bei ikishuka, gari linabaki; isiposhuka, Bheki analichukua. Akapewa funguo ya akiba kama ahadi. Eva alishuhudia funguo ile ikiingia mfukoni mwa baba mdogo wake.

Simu ya Eva ilikuwa imepasuka, app ikaikataa. Ikawekwa kwenye simu ya marehemu. Ndiyo, ilikuwa bado hai. Melania aliichaji kila siku na kuilipia laini, na sisi hatukumuuliza.

Mwezi wa kwanza ukaisha na alama za kutia aibu. Lakini endesheni ninyi Jules Street, muone! Taksi, ndiyo daladala ya huku, inakatiza mbele yako bila hata kuwasha taa, inasimama palepale kuchukua abiria, wewe ukanyage nini, maombi? Eva alikanyaga breki, na kila alipokanyaga, ile simu iliandika kosa. Akaanza kuogopa. Na mtu mwenye hofu anakanyaga zaidi.

Melania akaniita chai.

"Ulimboka, wewe unaendeshaje siku zote?"

"Polepole."

"Breki ya ghafla?"

"Dada, nikikanyaga breki ya ghafla mimi, unajua kule nyuma kutatokea nini?"

Akaisukuma simu ya marehemu mezani mpaka ikagusa kikombe changu. Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nikasimama.

"Ala! Simu ya Mzwandile ipande gari la maiti? Umerukwa na akili?"

"Kwani itakufa mara ya pili?"

Nilikataa. Nikamwambia ni dhambi, ni mkosi, ni utapeli, na chai yenyewe haina sukari. Yeye akanitazama tu kwa yale macho yasiyolala. Akasema, "Mwanangu akinyang'anywa gari lile atanifia, kaka." Sasa na wewe ungefanya nini? Eva alikuwa akiliendesha Jumapili na jioni moja moja tu. Siku nyingine zote ile simu ilikuwa mezani haina kazi. Nikaichukua.

Niwaambie ukweli, ilikuwa raha. Niliibandika pale mbele, nikatoka nayo mochwari, na barabara ikawa ndefu na laini zaidi ya siku zote. Tulipita Newtown asubuhi wakati wachuuzi wanatandaza vitu vyao, ukungu haujatoka, na mji wote ulikuwa kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilianza kuongea na ile simu. Nilimwambia Mzwandile habari za nyumbani: kwamba Léocadie amenenepa, kwamba mwembe aliopanda kwenye debe haukuota, kwamba Eva anasoma. Wakati mwingine niliona kabisa kofia yake kwenye kiti cha pembeni, nikigeuka ni ua la jakaranda limeingia dirishani. Sikuogopa. Nilijisikia vizuri, kama tunaenda kliniki tena na anaelekea kupona.

Halafu zile alama! Jamani, miaka yote hii nimebeba watu na hakuna hata mmoja aliyenisifu. Wafiwa wanalia, bosi anagomba, wa nyuma kanyamaza. Leo simu inaniambia: kona safi, breki safi, dereva bora wa wiki. Tisini na tano. Tisini na saba! Nilianza kupiga pasi suti. Nilikuwa nikikaribia robot nalipunguzia gari mwendo kwa upole hivi, halafu natupia jicho kioo cha simu kama msichana anayejitazama.

Eva alikuwa anaona alama za wiki tu, kila Jumapili. Akadhani ni zake. Siku alama zilipofika tisini alitoka ndani ya Corolla, akacheza uani, akamshika mama yake mikono akamzungusha. "Nimeweza, Mama! Naendesha vizuri!" Melania akacheka naye, akanitazama juu ya bega la mwanawe. Nikaangalia viatu vyangu. Roho iliniuma, lakini ikaniuma kidogo tu, maana zilikuwa alama zangu na nilizipenda.

Ikabaki Jumapili ya mwisho kabla ya miezi mitatu kwisha. Tulirudi kutoka kanisani sote watatu, mvua ya radi imetoka kupita, lami inafuka moshi. Eva akaegesha uani. Kabla hatujafungua milango simu ikalia, akaisoma, akakunja uso.

"Inasema nini?" Melania akauliza.

"Inauliza swali." Akatafuta maneno ya Kiswahili, taratibu. "Inasema: Eva, unafika mahali hapa mara nyingi sana. Je, hapa ni nyumbani kwako?"

Akatuonyesha. Kwenye ramani kulikuwa na kijumba kidogo chekundu, kizuri, kina mlango na bomba la moshi. Kilikuwa kimechorwa katikati ya makaburi, kule tulikomzika Mzwandile.

Melania alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwenye mazishi. Akampokonya simu, akaibonyeza hovyo, "Hapana, hapana, si kwake, si kwake mwanangu, Ulimboka iambie si kwake!" Simu ikamponyoka, ikaanguka chini ya kiti. Hapo tungedanganya nini tena? Tukamwambia.

Mikono ya Eva ilikuwa bado kwenye usukani. Nilidhani atafoka.

"Kwa hiyo zile alama ni za malume."

"Ni kwa ajili yako," Melania akasema huku analia. "Ili gari libaki."

"Nilicheza," Eva akasema. "Mlinitazama nikicheza." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Simu yake imeenda kwake kila siku. Mimi sijaenda tangu tumzike."

Akashuka. Kesho yake aliwapigia kampuni mwenyewe, akawaeleza, sijui alieleza vipi habari ile kwa Kiingereza. Yule dada akamwambia asante kwa kusema, alama zote zinafutwa, aanze upya miezi mitatu mingine, na kwa sasa bei ni ileile. Pesa ya bei ileile hatukuwa nayo. Melania akampigia Bheki. Bheki akasema atalifuata gari Jumamosi.

Jioni ile nilikuwa naosha gari langu. Eva akaja akasimama, mikono kifuani.

"Nimekukasirikia," akasema.

"Una haki."

"Unafanyaje? Taksi zile zile, robot zile zile."

Nikafunga maji. Nikamwambia sitazami taksi. Nikishika usukani namfikiria yule aliyelala. Naacha nafasi kubwa mbele, anayetaka kuingia aingie, mimi namwangalia wa nyuma. "Mweke mtu nyuma," nikamwambia. "Halafu asiamke. Hiyo tu."

Hakuuliza amweke nani.

Jumamosi Melania akasema lazima twende kumuaga Mzwandile, aambiwe gari linaondoka, asije akalisikia kwa watu. Nikaomba ruhusa kazini. Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, bosi nusura anizike mimi. Eva akashika usukani, mimi nikakaa pembeni, Melania akaenda nyuma kwa sababu mbele anaogopa. Njia nzima ya kwenda nilimsikia akisali na kushika kitasa cha mlango. Nilimwona Eva anatazama kioo cha ndani, mara kwa mara, taratibu, kama mimi.

Makaburini majani yalikuwa mabichi kwa mvua. Melania alimweleza mumewe habari zote kwa mpangilio, bima, kampuni, Bheki, hata kosa langu na lake, kwa sauti ya mtu anayesimulia mezani. Eva alipiga magoti akasafisha jiwe kwa ukingo wa sketi. Alichosema alikisema kwa Kizulu, chinichini, nami sikutega sikio.

Tulirudi jua la mchana likiwa la dhahabu na zito. Tukavuka kupitia Newtown, tukaingia Jules Street ile iliyonyooka hadi macho yachoke. Taksi ikachomoka kushoto, ikakatiza, ikasimama. Nilikaza mguu wangu kwenye breki isiyokuwepo. Eva alikuwa ameshaacha nafasi. Gari likapungua mwendo lenyewe kwa lenyewe, kikombe cha chai kisingemwagika. Nikataka kumsifu, nikageuka nyuma ili Melania naye aone.

Melania alikuwa amelala.

Si kusinzia. Alikuwa amelala fofofo, shavu kwenye kioo, mdomo wazi, mkono umeachia kitasa. Kiti kilekile cha mumewe. Nilimgusa Eva bega, nikamwonyesha kioo cha ndani kwa kidole. Akatazama, akaziba mdomo kwa mkono mmoja haraka, akaurudisha kwenye usukani. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini gari halikuyumba.

Tukakata kona ya kwetu. Bheki alikuwa amesimama langoni, mteja wake pembeni, funguo ya akiba inaning'inia kidoleni.

"Malume," Eva akanong'ona, "nikisimama ataamka."

"Basi usisimame."

Tukawapita. Bheki akainua mikono, mnakwenda wapi? Nikaweka kidole mdomoni. Tukazunguka mtaa, tukapita spaza, kiduka cha mtaani, tukapita kanisa la Wakongo wanafanya mazoezi ya kwaya, Eva akafunga dirisha ili nyimbo zisiingie sana. Tukarudi. Safari hii Bheki aliinama kututazama, akamwona shemeji yake pale kiooni. Mikono ikashuka. Yeye naye alikuwa akiyajua yale macho. Wakati wote wa msiba yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza alale. Akavua kofia, kama watu wanavyovua nikipita mimi, halafu nadhani akaona aibu, akaivaa tena.

Tukazunguka tena. Maua ya jakaranda yalikuwa yanaanguka, na sikuwa na uhakika kama ni mchana uleule. Mbele simu ya Mzwandile ililia kidogo, ina alama zake au ina maswali yake, Eva akaigeuza uso chini.

Tuliporudi, langoni hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa limefunguliwa wazi kabisa, na funguo ya akiba imetundikwa kwenye komeo. Eva aliiona. Bei bado ilikuwa ileile, na miezi mitatu ilikuwa ianze upya, kidude, kampuni, Jules Street, vyote vinamsubiri. Alivuta kamasi, akatazama kioo cha ndani, na akalipita lango bila kusimama wala kuingia.

Nyuma Melania alijigeuza. "Tumefika?"

"Bado, Mama," Eva akasema.

"Haya," Melania akasema, akalala tena.